Habari ya Ujerumani Ilitolewa Mara Mbili

Mhadhiri wetu wa fasihi alinipa habari ile huku akila muhindi wa kuchoma. Alikuwa amesimama nje ya ofisi ya idara, akaniona napita, akaniita kwa kidole. Akamaliza kutafuna kwanza, ndipo akasema ile nafasi ya Ujerumani nimeipata mimi. Muhula mzima, katika chuo ambacho watu wanasoma fasihi ya Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Akaongeza kwamba nithibitishe kabla ya Ijumaa jioni, maana kuna mwenzangu amekaa nyuma yangu anasubiri niteleze, kisha akarudi kwenye muhindi wake. Nikasema ahsante sana, nikageuka, nikaingia choo cha walimu nikidhani ndio mlango wa kutokea.

Sikuwa na akili hata kidogo siku ile. Nilimsalimia mlinzi wa getini, nikatembea kidogo, nikarudi kumsalimia tena. Rafiki yangu wa karibu, Msukuma mmoja mwenye mdomo usiopoa, nilimkuta kwa mama wa chipsi, na nilipomwambia alipiga kelele mpaka mafuta yakaruka. Halafu akaanza kunichamba. Yaani wewe, akasema, unapanda ndege usiku kucha kwenda kwa Wazungu kufundishwa Kiswahili? Watakuuliza vitendawili huko, ukikosa watakudai mji. Tulicheka hadi mama wa chipsi akatuomba tuhamie kwenye benchi la nje, tunamfukuzia wateja.

Nyumbani Kihonda nilimkuta baba peke yake, anasahihisha mitihani ya hesabu. Mama ni muuguzi na siku hiyo alikuwa zamu ya mchana. Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa wakati ule mimi niliona yananoga tu. Nilimwambia baba. Baba yangu ni mwalimu wa siku nyingi, mtu wa kufikiri kabla ya kunyanyua hata kikombe, lakini siku hiyo aliruka, akanikumbatia, kalamu nyekundu ikanichora shavuni. Kisha akachukua simu, na kabla sijajua anafanya nini akawa ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mama. Aliandika hivi: Binti yangu, damu halisi ya Kinyakyusa, anakwenda kusoma Ujerumani, Mungu ni mwema.

Ngoja nieleze, maana msomaji asiye wa kwetu anaweza kuona hapo hakuna kosa. Baba ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mtoto ni wa baba, basi, mjadala umefungwa. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto anafuata ziwa alilonyonya. Ukoo unapita kwa mama, ardhi inapita kwa mama, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, kaka yake mama. Jambo kubwa la mtoto, iwe posa, iwe safari, linapelekwa kwa mjomba kwanza, tena kwa mdomo, tena nyumbani kwake. Baba na mama wamebishana juu ya hili tangu sijazaliwa, mezani, kwa kicheko. Baba husema, ana jina langu. Mama hujibu, jina ni la kwenye cheti, mtoto ni wetu. Mimi nimekua katikati yao nikifaidi. Nikitaka viatu nilikuwa Mnyakyusa, nikitaka likizo ya kwenda mlimani kwa mjomba kula mananasi nilikuwa Mluguru mtupu.

Mama aliporudi kazini alikuta majirani wamejaa sebuleni, soda zimefunguliwa, na baba anaeleza jiografia ya Ujerumani kwa kutumia vijiko. Mama alinibusu, akacheka, akanizungusha katikati ya sebule, kanga ikamdondoka. Kisha akakaa, akavua viatu vya kazini taratibu, akamtazama baba.

"Kaka anajua?" akauliza.

Baba akasema si yumo kwenye kundi. Mama akamkumbusha kwamba kaka yake anatumia kitochi, simu ya vitufe, na hayumo kwenye kundi lolote hapa duniani. Lakini watoto wake wamo, na binamu zake wamo, na wauza ndizi wote wa Mkuyuni, soko la chini ya mlima wake, wana shemeji humo. Baba akaacha vijiko. Majirani wakaanza kukumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni.

Mimi bado sikuwa na habari. Kesho yake asubuhi tulikwenda mtumbani na yule rafiki yangu kutafuta koti la baridi. Sijui kama umewahi kununua koti la theluji Morogoro. Wauzaji wenyewe wanakutazama kwa huruma. Tulilipata chini kabisa ya rundo, jeusi, refu, lenye manyoya shingoni, na rafiki yangu akaapa kwamba nikilivaa nafanana na waziri anayepokewa uwanja wa ndege. Nikagoma kulivua. Nilipita nalo sokoni jua linawaka, jasho linanitiririka hadi kwenye ndala, watu wananishangilia, na mimi napunga mkono. Kwa kweli sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile, na sioni aibu.

Niliingia nyumbani hivyohivyo, na koti langu, nikamkuta mama ameketi na simu mapajani. Alikuwa amempigia mjomba. Mjomba alipokea, akasikiliza salamu, akasema, "Hongereni. Nimesikia sokoni," akakata. Ilivyokuwa ni kwamba alikuwa Mkuyuni anapakia ndizi zake, na mchuuzi mmoja akampigia kelele kutoka juu ya gari, mbele ya kadamnasi, kwamba mpwa wake anakwenda Ujerumani na tena amekuwa Mnyakyusa. Watu walicheka. Mjomba alishusha mkungu, akapanda zake mlimani bila kuuza.

Nikamwambia mama basi tumwombe radhi kwa simu yaishe. Mama akanitazama kama mgonjwa anayejiandikia dawa mwenyewe. Akasema bila neno la kaka yake sipandi ndege, hata ndege yenyewe ije itue Kihonda. Na hapo alikuwa hatanii. Baba akajaribu kusema kwamba yeye ndiye baba. Mama akaendelea kuchambua mchele, na baba akaenda kusahihisha mitihani ambayo alikwisha kuisahihisha.

Ndani ya koti langu nikahisi baridi kwa mara ya kwanza. Ijumaa ilikuwa inakuja, na mwenzangu yule wa nyuma yangu alikuwa amekaa tu anasubiri.

Usiku ule mama akatoa uamuzi, na nikiukumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Alisema habari haijatolewa. Iliyotoka ilitokea mlango wa uani, kwa hiyo haihesabiki. Itarudishwa ndani, ifungiwe, kisha itolewe upya kwa mjomba kana kwamba hajawahi kuisikia. Na hivyo ndivyo tulivyofanya, wallahi. Baba aliamriwa kufuta ujumbe wake. Akaufuta, na kwa kuwa simu ile haina adabu, ikaandika palepale kwamba ujumbe umefutwa, na ndugu wote wa kundini wakaamka kuuliza kimefutwa nini, kuna nini, mtoto amenyimwa? Mama alizunguka kwa majirani waliokunywa soda zetu akawaambia bado hatujajua lolote. Jirani mmoja, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameniletea skafu nzuri ya sufu. Mama akamrudishia kwa heshima zote, akamwomba aje aitoe tena wiki ijayo. Yule mama akaipokea, akaikunja, akasema sawa, hata yeye hajasikia kitu. Koti langu likafungiwa kabatini.

Kisha tukafanya mazoezi. Mama akawa mjomba, akakaa kwenye kigoda katikati ya sebule na kofia ya baba kichwani. Mimi nilitakiwa niingie, nipige magoti, nitoe shikamoo, ninyamaze. Mama angetoa habari, mimi ningejibu nitakachoulizwa. Baba alipewa kazi moja tu, ambayo ni kufunga mdomo. Kule yeye ni mkwe, na ndiye aliyeharibu. Alikubali kwa shingo upande. Kila nilipofika kwenye magoti nilimwona mama na ile kofia nikaangua kicheko, na mama akanirudisha mlangoni nianze upya.

Alhamisi asubuhi tukashuka Mkuyuni na mfuko wa sukari na mchele wa Turiani, tukaanza kupanda. Baba alikuwa amevaa viatu vya kanisani na tai, eti ni kwa heshima, na mvua ilikuwa imenyesha. Mlima ule una harufu yake, karafuu na udongo mbichi na moshi wa jikoni za watu, na kawaida nikiusikia tu naona likizo imeanza. Safari hii nilikuwa nahesabu saa zilizobaki kufika Ijumaa jioni. Na kila tuliyepishana naye njiani alikuwa anajua. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni aliutua kabisa ili anipigie vigelegele. Vijana wa bodaboda wakaniita Mjerumani. Mama kila mara alisimama, akaweka uso wa mshangao, akauliza hongera ya nini tena, jamani, sisi tunakwenda kumsalimia kaka. Baba nyuma yake kabana midomo, tope hadi kwenye soksi. Mimi nilikuwa nang'ata kanga nisicheke.

Mjomba alikuwa uwanjani kwake, anabandua magome ya mdalasini. Ni mtu mfupi, mkavu, mpenda utani, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Siku hiyo mabega yalikuwa yametulia. Aliipokea shikamoo yangu vizuri, akamkumbatia mama, akampa baba mkono bila kumtazama usoni. Tukakaribishwa, tukala ndizi za nazi zilizopikwa na mke wake, tukaongea habari za mvua, bei ya karafuu, na ng'ombe wa padri aliyevunja mguu. Hakuna aliyetaja Ujerumani. Hata watoto wa mjomba, waliosoma ule ujumbe kabla haujafutwa, walikula wameinamisha vichwa.

Sahani zilipoondolewa mama akajiweka sawa kwenye mkeka, akasema, kaka, tumekuja na habari.

"Habari gani tena, dada?" mjomba akasema, akaweka kisu chini. "Wazima wote?"

Weee! Nilitamani mhadhiri wetu angekuwepo. Mjomba alikuwa msanii kamili. Mama alitoa habari pole pole, kwa mpangilio, na mjomba alishtuka panapotakiwa kushtuka. Ujerumani, akasema, ndiyo iko upande gani, inapita Dodoma? Akauliza nakwenda kusoma nini. Nikasema fasihi. Akauliza fasihi ndiyo nini. Nikasema hadithi, nyimbo, mashairi. Akafikiri, akauliza kama Wajerumani wameishiwa hadithi zao mpaka wachukue zetu, na kama ni hivyo kwa nini wasije wao huku, mahali pa kulala papo. Jikoni mke wake alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu anayecheka kwenye upande wa kanga. Nami mabega yakaanza kunitikisika, nikaangalia chini. Nikajua tumefaulu. Nikaanza kichwani mwangu kulitoa koti kabatini.

Kisha mjomba akaacha mchezo. Sijui aliuacha wapi, maana sauti ilikuwa ileile.

"Na asiporudi?" akamuuliza mama.

Mama akasema nitarudi, ni muhula mmoja. Mjomba akasema kila anayeondoka ni wa muhula mmoja. Akaeleza taratibu, bila hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa na hasira. Dada yake mwingine alikufa hajazaa. Mama amezaa wavulana na mimi. Kaka zangu wako Mwanza na Dodoma, wakitaka wabaki hukohuko, hakuna atakayewadai, kwa sababu watoto wao ni wa koo za wake zao. Lakini mimi nikiolewa na Mzungu nikabaki huko, watoto wangu ndio wao, ndio wote, na hawatajua hata mlima huu una jina. Mashamba yale pale, akaonyesha kwa kidevu, hayatakuwa na wa kuyalima kwa haki. "Mvulana akipotea, amepotea mmoja," akasema. "Huyu akipotea, tumekwisha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, viza, chakula, baridi, nani atanipokea. Swali hili sikuwa nalo. Nilisema nitarudi, mjomba, naapa, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ni ya mtu aliyenunua koti akapita nalo sokoni anapunga mkono. Nilikuwa nataka kwenda, nataka vibaya sana, na nilimpenda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya muhindi nikaogopa.

Mjomba akachukua kisu chake. Akasema habari ameisikia leo, na leo anajibu kwamba hapana.

Mama hakuinua uso. Ndiye aliyesema habari itolewe upya, na habari ikitolewa upya na jibu linakuwa jipya. Angeweza kubisha, lakini angebisha nini, wakati ni yeye aliyetupandisha mlima kuja kulisikia neno hilo? Nikaona vidole vyake vinakunja ncha ya mkeka na kuikunjua. Nikafikiria kesho, ofisi ya idara, jina la yule mwingine.

Hapo baba akakohoa.

Mama akageuka haraka kumtazama, na lile jicho nalijua, limewahi kunirudisha kitandani nikiwa na homa ya uongo. Baba hakulijali. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, kwenye ukingo wa mkeka, viatu vyake vya kanisani amevivua, soksi zina tope. Akasema, shemeji, naomba neno. Mjomba akampa ruhusa kwa kidevu.

"Mimi niliondoka Tukuyu kijana," baba akasema. "Nilimwambia mama yangu narudi. Nimerudi kuzika tu. Kwa hiyo unachokiogopa ninakijua, ni mimi. Angekuwa mtoto wa kwetu, ningekwambia usimruhusu. Lakini huyu si wa kwetu, shemeji. Huyu ni wenu. Dada yako kila likizo yuko hapa, anaumwa yuko hapa, tumegombana yuko hapa. Huwa mnarudi. Na yeye ni wenu, atarudi."

Kikohozi cha jikoni kilikatika. Mama alikuwa anamtazama baba kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Miaka yote ile ya kubishana mezani, na hakuwahi kushinda hata siku moja, na sasa ushindi umeletwa na hajui aushike wapi.

Mjomba akasema, "Rudia."

Baba akarudia, kwamba huyu ni wenu. Mjomba akamwita mke wake kutoka jikoni aje naye asikie, akamwambia baba arudie tena. Akarudia. Akamuuliza huyu ni wa ukoo gani, alitaje jina. Baba akalitaja, jina la ukoo wa mama, kwa lafudhi mbovu ya Kinyakyusa inayolivunja katikati. Na hapo mabega ya mjomba yakaanza kutikisika. Yalitikisika mpaka akafuta macho kwa kiganja chenye unga wa mdalasini, yakamwasha, akacheka zaidi.

"Basi aende," akasema.

Vigelegele vilitoka jikoni, na vingine vikajibu kutoka nyumba ya chini, ambako eti hakuna aliyekuwa anajua lolote. Mjomba akanishika kichwa, akanisemea maneno ya Kiluguru ambayo nusu yake sikuyaelewa na yote niliyahitaji. Nilikuwa nacheka hovyo, nimemshika magoti, namwambia ahsante, nitakuletea, nitakuletea, bila kumaliza nitamletea nini. Akasema nilete mwenyewe mwili wangu, hayo mengine yanauzwa Mkuyuni.

Tulishuka jua limeanza kulegea. Mama alikuwa mbele, simu sikioni, anatoa habari kwa ndugu wa kundini mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kusikika mlima mzima, kama vile imezaliwa saa hiyohiyo. Mimi nilikuwa nakimbia, nasimama, nakimbia tena, nikiteleza kwenye tope na kucheka. Kisha nikaona baba yuko nyuma sana, anashuka kwa uangalifu, viatu vya kanisani ameviweka mkononi. Nikamsubiri.

Alipofika nikamshika mkono. Tulikuwa tumeigiza siku nzima, kila mtu, kuanzia mama wa kuni, kwa hiyo nikamuuliza kwa utani. Baba, pale ulikuwa unaigiza, si ndiyo? Ulisema vile ili nipate kwenda tu.

Alitazama mahali pa kuweka mguu, akaweka.

"Nilipoanza, ndiyo," akasema.

Nililia palepale njiani, nikiwa sijamaliza kucheka, na mkono wake sikuuachia mpaka tulipofika barabarani.